Kumwaga oili ya Toyota IST nyumbani: lita ngapi?

Wakuu, IST yenye injini ya 1NZ inachukua oili kiasi gani ukibadilisha na filta? Nati ya chini ya kumwagia oili, spana namba ngapi?

— Lita 3.7 pamoja na filta, oili ya daraja la 5W-30. Usimimine galoni nzima ya lita 4. Weka 3.5, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano, pima kwa dipstiki (kijiti cha kupimia oili), ongeza kidogo kidogo. Spana 14. Na gari likae kwenye stendi, si jeki tupu!

— Nyongeza mkuu: angalia raba ya filta ya zamani isibaki imeganda kwenye injini. Raba zikiwa mbili, ukiwasha tu oili yote nje. Raba mpya ipake oili, filta kaza kwa mkono. Nati ukiikaza kwa hasira unaua meno ya sampu (bakuli la oili chini ya injini).