Mtoto mkorofi kupindukia: fimbo, kambi ya kunyooshwa au matibabu? Tujadili

Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Kwenye kikao cha wazazi cha shule moja hapa Dodoma mjini lilitolewa wazo kwamba wale watoto walioshindikana, wanaopiga wenzao, wanaoiba, wanaotoroka, wakusanywe wote sehemu moja, wakimbizwe mchakamchaka na kuchapwa mpaka wanyooke, na ukumbi ukapiga makofi. Mimi napinga, na kazi yangu inanikutanisha na watoto hawa na wazazi wao kwahiyo siongei ya kusikia.

Kwanza tujue tunamwongelea nani. Sio dogo aliyezichapa mara moja uwanjani kisa goli, wala binti wa darasa la sita anayemjibu mama yake ovyo. Madaktari wa akili wana orodha ya mambo 15 kwenye mafungu manne: ukatili kwa watu na wanyama, kuharibu mali, uongo na wizi, na kuvunja kanuni nzito kama kulala nje au kukacha shule. Mpaka waseme huyu ana tatizo la mwenendo lazima yaonekane angalau 3 ndani ya miezi 12, na angalau moja liwe la miezi 6 ya mwisho. Wanauliza pia yalianza lini, kabla ya miaka 10 au baada, na hapo ndipo penye utamu wa mada yenyewe.

Mwaka 1993 mwanasaikolojia Terrie Moffitt, ambaye amefanya kazi kwenye utafiti wa Dunedin kule New Zealand, watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa 1972 na 1973 na kufuatiliwa mpaka utu uzima, alieleza kwamba hawa tunaowaita wakorofi ni watu wa aina mbili. Wengi wanaanza kwenye balehe, wanaiga kijiwe, wakifika ishirini na kitu wanaacha wenyewe wanaoa wanafanya kazi. Wachache wanaanza wadogo kabisa, mara nyingi wana shida ya kusoma, ya kutotulia, ya nyumba yenye ugomvi, na hao ndio wanaobaki na vurugu ukubwani wasiposaidiwa mapema. Sasa nyie mnataka mchukue lile kundi kubwa ambalo lingepona lenyewe mkalilaze chumba kimoja na wale wachache wazoefu? Marekani walishajaribu vitu vya namna hiyo. Vijana watukutu wakiwekwa pamoja wanachekeana kwa maovu, wanafundishana, wanatoka wabaya zaidi, mtafiti Thomas Dishion na wenzake waliandika hilo 1999. Ule mpango wao mwingine wa kuwapeleka vijana magerezani watishwe na wafungwa, tafiti zilipojumlishwa ikaonekana waliopelekwa walifanya makosa mengi kuliko wasiopelekwa. Yaani hela imetumika kuzalisha wahalifu.

Na fimbo. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini kwetu 2009 ulionyesha karibu vijana watatu kati ya kila wanne, wa kike kwa wa kiume, wamewahi kufanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kufika miaka 18. Fimbo hatujapungukiwa jamani. Kama ingekuwa dawa tungekuwa tumeshapona siku nyingi.

Mdau wa Kizota

Mleta mada shikamoo au marahaba sijui, maana sijui umri wako. Hizo za New Zealand hazituhusu. Sisi tumekulia Mpwapwa, ukimtukana mtu mzima njiani anakuchapa yeye halafu ukifika nyumbani unachapwa tena, na tulinyooka. Samaki mkunje angali mbichi. Watoto wa sasa wamedekezwa na simu na katuni, mkianza kuwaita wagonjwa ndio mnawapa kibali, kesho atakuibia kuku akwambie nina tatizo la mwenendo.

Mwalimu, Bahi

Mi niko darasani, watoto wamepita themanini, madawati hayatoshi. Ninaye mmoja juzi kamchoma mwenzake na bikari mkononi. Huyo aliyechomwa naye ana mzazi na ana haki. Mleta mada unataka nifanye nini pale pale, dakika ile, na wengine sabini na kitu wanatazama? Hapo ndipo huwa mnatuacha.

Mama, Chang'ombe

Jamani mi nasoma tu ila limenigusa. Wangu ana miaka 8, anapiga watoto wa majirani, kachoma turubai la mtu, ukimuuliza anakataa huku kashika kiberiti. Nimechapa mpaka nimechoka. Wengine wanasema mapepo nimpeleke kwenye maombi, jirani kaniambia nimpeleke Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, mi nikalia, maana mtaani kwetu ukionekana geti lile basi mtoto ameshaitwa chizi maisha yake yote.

Mleta mada

Mzee wangu wa Kizota shikamoo, mimi ni mdogo kwako. Samaki mkunje angali mbichi nakubaliana nayo kabisa, na watafiti wengi wanasema kadiri unavyoanza mapema ndivyo inavyokuwa rahisi. Tunabishana kwenye namna ya kumkunja. Na wewe mwenyewe umetaja kitu kikubwa ukakipita: mtaa mzima ulikuwa unakuangalia, sheria ilikuwa moja nyumbani na njiani, hakuna aliyeona akanyamaza. Mi naamini hicho ndicho kilichokulea, fimbo ilikuwa ndani yake tu. Leo tuna watu wametoka kila mkoa wamehamia Dodoma, mzazi anaondoka alfajiri anarudi usiku, ule mtaa haupo, fimbo imebaki peke yake.

Tena angalieni inavyofanya kazi nyumbani, maana mwanasaikolojia Gerald Patterson wa Oregon, Marekani, alikaa na wataalamu wenzake ndani ya nyumba za watu wakihesabu nani kafanya nini baada ya nani. Mama anamwambia mtoto kachote maji. Mtoto ananuna. Mama anarudia kwa sauti, mtoto anapiga kelele anatupa ndoo, mama kachoka na kazi anasema basi achana nayo nitachota mwenyewe. Mtoto kajifunza kwamba kelele inalipa. Kesho mama hana uvumilivu, anapitisha mkanda, mtoto anakimbilia ndoo, na sasa mama naye kajifunza kwamba mkanda unalipa. Kesho kutwa kelele inaanza juu zaidi na mkanda unaanza mapema zaidi. Hamna mbaya hapo, kila mmoja anafundishwa na mwenzake bila kujua, halafu yule mtoto anabeba hiyo akili kwenda nayo shule na ndipo unapomkuta Mwalimu wa Bahi. Najua mtu atasema wakorofi ndio wanaochapwa zaidi, ndio, inaenda pande zote mbili, ndiyo maana haikatiki yenyewe.

Kwahiyo matibabu yenye ushahidi mkubwa kwa watoto wadogo hayaanzi na mtoto, yanaanza na mzazi. Anafundishwa kwa wiki kadhaa, na anajaribu mbele ya mtaalamu: kucheza naye muda mfupi kila siku bila kumwelekeza, kumsifu kwa kitu alichofanya (sio "we mzuri", sema "asante umerudisha ndoo nilipokwambia"), kutoa amri moja fupi sio kumi, na adhabu ndogo isiyobadilika, mfano leo hakuna mpira, bila kelele. Kwa kijana mkubwa wanaenda kwa familia nzima na shule na marafiki zake kwa pamoja. Dawa za vidonge sio tiba ya mwenendo wenyewe. Zipo za kutotulia kama nalo lipo, na risperidoni, dawa ya kutuliza, daktari bingwa anaweza kuitumia kwa muda mfupi kwa vurugu kali sana, basi.

Mwalimu, swali lako la haki. Dakika ile unawatenganisha, aliyechomwa anahudumiwa kwanza tena mbele ya wote, mkorofi anatolewa bila hotuba. Adhabu lazima iwepo, mi sijasema aachwe. Ila kumbuka hata kanuni zetu za 2002 zinasema fimbo ni ya mwalimu mkuu au aliyempa ruhusa kwa maandishi, zisizidi 4, na ziandikwe kitabuni, sasa nani anafuata hilo? Darasa la themanini ni deni la serikali na hapo niko upande wako, hamna mbinu inayofuta hilo, na hela mnayotaka kujengea kambi mi ningeiomba iajiri mtu mmoja wa ushauri kila kata.

Dada wa Chang'ombe, pole sana. Kabla ya mapepo na kabla ya lawama mpime masikio na macho, waambie pia kama huwa anapotewa na fahamu, na muulize kwa upole akiwa ametulia kama kuna mtu anamuumiza, mtoto aliyeumizwa mara nyingi anajieleza kwa ngumi. Na kiberiti weka asikofikia leo leo. Unaweza kuanzia kwa afisa ustawi wa jamii au hospitali ya rufaa ya mkoa, na namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto ni bure. Mirembe ipo tangu 1927 na inatibu watu wanarudi kazini, anayekucheka getini hajui ndugu zake wangapi wameshapita pale.

Mwalimu, Bahi

Hapo kwenye kuhudumia aliyeumizwa kwanza nakubali, huwa tunakimbilia kuchapa na yule mwingine anabaki analia kona. Kwenye adhabu bado sijashawishika, ila kambi hapana, nimeona wanavyotoka.

Mdau wa Kizota

Kambi hata mimi simo. Fimbo moja mbili siachi.

Mama, Chang'ombe

Asante. Masikio hajawahi kupimwa kweli. Tatizo baba yake, ukitaja hospitali anasema unamtafutia mwanangu jina. Nianzaje?

Mleta mada

Usianze na hospitali. Mwambie unampeleka kupimwa masikio na ungependa mwende wote, hilo halina aibu. Hata akikataa anza wewe, mzazi mmoja akishika msimamo uleule kila siku mtoto anauona. Kumsifu anza usiku huu, usimsubiri baba.