Wanunuzi watatu kwa nyumba moja: niongeze bei, nitoe malipo ya awali, au niboreshe masharti?

Mpangaji wa Segerea
Habari za leo ndugu zangu. Ninataka kununua nyumba ya vyumba vitatu huku Tabata Segerea, Dar es Salaam, ambayo kiwanja chake kimepimwa na kina hati. Mwenye nyumba anataka shilingi milioni 150. Mimi nina milioni 60 mkononi, na benki imenikubalia kimsingi kunikopesha kiasi kinachobaki. Dalali anasema wapo wengine wawili: mmoja ana fedha taslimu lakini ameishia milioni 142, na mwingine yuko tayari kwa milioni 155, ila anasubiri mkopo wa SACCOS ya kazini kwake.

Ninaziona njia tatu. Ya kwanza ni kupanda hadi milioni 160 ili ushindani uishe. Ya pili ni kumkabidhi mwenye nyumba milioni 20 wiki hii mbele ya mjumbe, ili asimsikilize mtu mwingine. Ya tatu ni kubaki kwenye milioni 150 na kumpa masharti yanayomfaa, kwa kuwa nimesikia anajenga Kibaha na nyumba yake mpya haijaezekwa. Ninyi mngechagua ipi?

Bi Mikopo
Ninafanya kazi katika mikopo ya nyumba, kwa hiyo nitazungumzia njia ya kwanza tu. Benki haitazami bei mliyopatana peke yake. Inatazama pia thamani iliyowekwa na mthamini aliyesajiliwa, na thamani hiyo ikiwa chini ya bei, inakopesha sehemu ya thamani hiyo. Ukipandisha bei hadi milioni 160 halafu mthamini akaja na milioni 145, tofauti yote itatoka mfukoni mwako, na bado utadaiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1, ada za usajili, wakili na uthamini wenyewe. Katika hizo milioni 60 zako, je, umetenga fungu la gharama hizo?

Tena, kukubaliwa kimsingi hakumaanishi kwamba umepata mkopo. Maana yake ni kwamba kipato chako kimetazamwa, lakini nyumba bado. Omba nakala ya hati leo, uipeleke benki, na uthamini uanze kabla hamjafunga bei. Utaulipia hata kama nyumba utaikosa, jambo ambalo linauma, lakini utakuwa umemtangulia huyo anayesubiri SACCOS.

Wakili wa Mikocheni
Njia ya pili ndiyo inayonitia hofu zaidi, na ndiyo watu wengi wanaipenda kwa sababu mtu akishapokea fedha huonekana amefungwa. Hajafungwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa kuhamisha miliki uwe wa maandishi, au angalau kuwe na maandishi yanayoonyesha masharti yake. Karatasi ya daftari inayosema "nimepokea milioni 20 kutoka kwa fulani", ikiwa na muhuri wa serikali ya mtaa, inaweza kukusaidia kudai fedha zako, lakini kumlazimisha mtu akuuzie nyumba kwa karatasi hiyo ni safari nyingine kabisa. Mwenye nyumba akipata milioni 155 mwezi ujao, atakwambia njoo uchukue hela zako, na huenda wakati huo zimeshageuka mabati Kibaha.

Kama ni lazima utoe malipo ya awali, yatanguliwe na mambo mawili. Kwanza, upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ili ujue jina lililoandikwa kwenye rejista ni la nani, na kama kuna rehani au zuio, yaani tangazo kwenye rejista kwamba kuna mtu mwingine anayedai haki kwenye nyumba hiyo. Pili, mkataba wa mauzo uliotiwa saini, wenye tarehe ya kukamilisha na kifungu kinachoeleza nini kitatokea iwapo muuzaji atageuka au benki yako itakataa nyumba. Fedha zikae kwa wakili mliyekubaliana. Mkataba ukishasainiwa, una haki ya kuomba zuio lisajiliwe ili nyumba isihamishiwe mtu mwingine bila wewe kupewa taarifa.

Msimamizi wa Mirathi
Nichangie kutoka upande wa pili wa meza, kwa sababu niliuza nyumba ya marehemu baba kwa niaba ya ndugu zangu na tulikuwa na wanunuzi kadhaa. Hatukumchagua aliyetaja bei kubwa. Yeye alitaka kulipa kwa awamu, na kila tulipomwuliza awamu ya mwisho itakuja lini, jibu lilibadilika. Tulimchagua aliyekuwa chini yake kidogo, ambaye alikuja na barua ya benki, jina la wakili wake na tarehe. Muuzaji mwenye shida ya fedha huogopa zaidi kuuza nusunusu kuliko kupoteza milioni tano.

Kwa hiyo mshindani wako wa kweli ni yule wa milioni 142 taslimu. Wa milioni 155 hana chochote zaidi ya maneno, kwa sasa.

Wa Dallas
Salaam kutoka Marekani. Huku mnunuzi anaweza kuandika kwamba atazidi bei ya mwingine kwa kiasi fulani hadi kikomo alichokiweka, na hapo halipi zaidi ya inavyohitajika. Kwa nini asifanye hivyo?

Wakili wa Mikocheni
Kwa sababu kifungu hicho kinahitaji uthibitisho wa bei ya mwingine kwa maandishi. Dar es Salaam bei za washindani humfikia mnunuzi kwa mdomo wa dalali, na kumtajia dalali kikomo chako ni sawa na kumpangia bei mpya.

Dalali Mkongwe
Tunasemwa sana, na sikatai kwamba kamisheni yangu hukua bei ikikua. Lakini si kila mteja wa pili ni hewa. Njia ya kujua ni kuomba kikao na mwenye nyumba mwenyewe, umpelekee pendekezo la maandishi lenye tarehe ya mwisho ya kujibu. Mwenye washindani wa kweli atakuomba siku chache. Asiye nao atasaini. Na ukitaka njia ya tatu, usiahidi kwa ujumla. Andika kwamba baada ya kulipwa atabaki ndani ya nyumba kwa miezi mitatu bila kukulipa kodi ya pango, na siku ya kukabidhi funguo itajwe.

Mpangaji wa Segerea
Nashukuru sana. Naelekea njia ya tatu, uthamini uanze sasa, na nikilazimika nitapanda hadi milioni 152 na si zaidi. Jambo jipya: mwenye nyumba amesema atanipa mimi kipaumbele nikikubali mkataba uandikwe milioni 90, ili kodi yake TRA ipungue. Pia, mke wake anaishi Mwanza. Hilo lina shida?

Wakili wa Mikocheni
La kwanza likatae. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 10, ni mzigo wake. Mauzo yakivunjika, wewe ndiye utakayekuwa unadai milioni 150 kwa karatasi inayosema 90, na benki haiwezi kukupa mkopo wa 90 juu ya mkataba wa 90 wakati tayari umesema una 60. Kama kodi inamwelemea, mpe sababu nyingine ya kukuchagua, kama hiyo miezi mitatu.

La pili ni zito kuliko unavyodhani. Ikiwa nyumba hiyo ni ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenza, na mauzo bila ridhaa hiyo yanaweza kupingwa mahakamani hata baada ya wewe kuhamia. Mama huyo anaweza kutia saini mbele ya wakili huko huko Mwanza na karatasi ikaletwa. Ulizia pia kama kuna mke mwingine, na usimwulize mwenye nyumba peke yake. Majirani na mwenyekiti wa mtaa huwa wanajua.