Ngano kwenye bia ya nyumbani: kimea, ngano mbichi, iliyobonyezwa au unga?

Sufuria_Moja (Arusha)
Wakuu, habari za jioni. Napika bia nyumbani, lita 20 kwa mkupuo, nafaka kilo 4.5, msingi wangu kimea cheupe cha shayiri. Nataka kuongeza ngano ili povu likae na bia iwe nzito kidogo mdomoni. Naona njia nne: kimea cha ngano cha kuagiza, ambacho ni ghali, ngano nzima ya sokoni, ngano iliyopikwa ikabonyezwa, au unga wa dukani. Aliyezitumia anipe tofauti zake, hasa kwenye kuchuja. Nawasilisha.

Kipimajoto (Eldoret)
Mkuu, amua kwanza unataka asilimia ngapi. Kwa povu tu, 5 hadi 10 zinatosha, yaani gramu 225 hadi 450 kwenye kilo zako. Kinacholishika povu ni protini, na ngano isiyooteshwa inayo tele, kwa hiyo huna haja ya kuagiza kitu.

Ukivuka asilimia 30 mambo yanabadilika. Kimea cha ngano kina vimeng'enya vyake, tena vingi, kinageuza wanga wake kuwa sukari bila kusaidiwa. Hizo nyingine tatu zinaitegemea shayiri. Kimea cheupe kinaibeba ngano mbichi hadi asilimia 40. Kimea kilichokaangwa kikawa cheusi hakibebi hata chembe, vimeng'enya vyake vimeshaungua.

Mke_wa_Mangi (Moshi)
Naomba kuuliza. Kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, kimea cha ulezi tunakipika uji, na mahindi mabichi hayatoi kitu bila kupikwa. Hiyo ngano nzima inaingia hivihivi?

Kipimajoto
Inaingia, dada, ila ivunjwe kwanza. Wanga wa ngano unalainika kati ya nyuzi 58 na 64, na sisi tunaloweka kimea kwenye nyuzi 65 hadi 67, kwa hiyo unayeyuka humohumo. Wanga wa mahindi na wa mtama unahitaji joto zaidi ya hapo, ndiyo maana unapikwa pembeni kwanza. Ngano mbichi ipe dakika 90 badala ya 60. Kisha dondosha matone ya maji yale kwenye sahani nyeupe, weka tone la iodini ya duka la dawa. Ikigeuka bluu nyeusi, wanga bado upo, subiri.

Fundi_Pipa (Mbeya)
Kuchuja ndiko kunakowatesa watu, nitakaa hapo. Shayiri huja na ganda lake, na hayo maganda ndiyo kichujio chenyewe: yanajipanga chini ya chombo na maji yanapita katikati. Ngano ikipurwa inabaki uchi. Ukiweka nusu kwa nusu, machicha yanashikana, bomba linatoa matone tu, kisha linaziba kabisa.

Dawa yake ni pumba za mpunga, zile ngumu za mashineni, si zile laini za kulishia kuku. Zioshe mpaka maji yatoke safi, changanya gramu 200 hivi kwenye lita zako 20. Kabla ya kufungulia bomba pandisha joto hadi nyuzi 76, utelezi unapungua. Anayetumia mfuko wa kitambaa ana nafuu kubwa, anauinua na kuukamua.

Unga ndio mbaya kuliko vyote kwa kuchuja. Usivuke asilimia 5, na uuchanganye na kimea kikiwa kikavu, kabla ya maji, la sivyo utapata madonge yenye unga mkavu ndani. Usipeleke ngano nzima mashine ya posho ikasagwa laini, utakuwa umerudi kwenye unga uleule.

Na hili nalisema kwa uzito: ukitaka kuotesha kimea cha ngano mwenyewe, nunua ngano ya chakula. Mbegu ya duka la pembejeo hupakwa dawa na rangi, mara nyingi nyekundu au waridi. Hiyo ni sumu, haioshwi ikatoka.

Mwenyeji_wa_Isar (München)
Huku sheria inataka Weizen, bia yetu ya ngano, iwe na kimea cha ngano angalau nusu. Lakini ile harufu ya ndizi na karafuu inaletwa na hamira, si ngano. Ukiweka hamira ya kawaida utapata bia laini yenye ukungu, basi. Anayeipenda karafuu aanze kuloweka kimea kwenye nyuzi 44 kwa dakika 15 kabla ya kupandisha joto. Wabelgiji wanatumia ngano mbichi karibu nusu, pamoja na dhania na ganda la chungwa. Mtindo huo ulikuwa umekufa, Pierre Celis akaufufua kijijini Hoegaarden miaka ya 1960. Ladha yake ni ya nafaka zaidi, kavu kidogo. Mimi naipenda kuliko ya kimea.

Sufuria_Moja
Asanteni sana, wakuu. Ngano ya kubonyezwa sijaiona madukani huku, ila bulga ipo. Itafaa?

Fundi_Pipa
Inafaa sana. Bulga imeshachemshwa, ikakaushwa, ikavunjwa, kwa hiyo wanga wake uko tayari. Weka gramu 400 na kimea kilo 4.1, dakika 60. Kwa kiasi hicho hata pumba huhitaji.