Madam kauza nembo yake, na sisi mafundi tumeuzwa pamoja na vyerehani?

Wakuu salama? Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mtavumilia mpangilio.

Hapa Arusha kuna nembo moja ya nguo, jina sitaji, wanaoijua wameshaijua. Mashati na makoti ya kitenge yenye shanga za kimasai kwenye kola, watalii wakishuka safari wanabeba mpaka unashangaa. Kaianzisha madam mmoja na nembo ni jina lake mwenyewe. Sasa kaiuza kwa kampuni kubwa ya Dar, na tangu habari itoke ni "hongera madam, umetuwakilisha" kila kona. Mimi ni mkataji pale karakana, habari ya kuuzwa nimeikuta kwenye status ya WhatsApp ya mtu kama nyie tu.

Na kila nikifungua mdomo anatokea mjuaji mmoja na Tom Ford wake, yule mbunifu wa mavazi wa Marekani. Eti mbona Tom Ford 2022 alikubali kuwauzia Estée Lauder kwa dili la dola bilioni 2.8 na maisha yakaendelea. Yaliendelea kwa nani mkuu? Estée Lauder wale ni watu wa manukato na vipodozi, walikuwa wanamtengenezea yake siku nyingi tu, walichotaka ni jina liwe lao, nguo wakawaachia Zegna, kampuni ya nguo ya Italia, wazishone kwa leseni, na Ford mwenyewe dili lilipokamilika 2023 akaaga. Mnunuzi mkubwa hana shida na shati, shida yake ni lebo.

Kama hamuamini muulizeni Jil Sander, mama mbunifu wa Kijerumani, 1999 aliwauzia Prada hisa nyingi za kampuni yake, mwaka uliofuata tu kaondoka, na moja ya mambo yaliyowagombanisha na bosi wa Prada ni gharama za vitambaa. Vitambaa! 2003 akarudi, 2004 akaondoka tena, jina lake likabaki linauza nguo bila yeye na 2006 Prada nao wakaliuza kwa wawekezaji wengine. Halston, mbunifu wa Marekani, ndo kabisa, aliuza kampuni yake 1973 na baadaye akawa haruhusiwi kulitumia jina lake kwenye nguo anazobuni mwenyewe. Na hao ni waasisi, wana wanasheria. Sasa mkataji anayelipwa kwa mwezi ana nani?

Ngoja niwaeleze kinachofanyika mezani maana wengi mnaona picha tu. Koti letu la kitenge lazima ua la upande wa kushoto likutane na la kulia pale kwenye vifungo, likipishana kidogo koti zima linaonekana limepinda. Kwa hiyo nilikuwa nakata moja moja, natandika kitambaa, natafuta ua, nabana paterni kwa pini, chaki, ndo mkasi unaingia. Ni kazi ya polepole na kitambaa kinapotea, sikatai, ila ndo koti lenyewe hilo analolipia mteja. Madam alikuwa mkali jamani, akiona mshono umeyumba anaufumua mbele yako na mteja amesimama pale pale. Sasa msimamizi mpya kaleta mashine ya kukatia, tunapanga kitambaa tabaka juu ya tabaka unapitisha mara moja, ua likutane wapi? Bitana ya pamba imetolewa imewekwa ile ya kung'aa inayokutoa jasho hata Julai ya Arusha. Bei haijashuka hata mia, lebo ile ile, jina lile lile, na mteja akirudi na koti anatugombeza sisi.

Tungevumilia hayo. Kilichonitoa povu ni karatasi waliyoleta wiki hii, mkataba mpya na mwajiri mpya, tarehe ya kuanza kazi ni mwezi huu. Kuna wamama pale wako tangu madam anashonea sebuleni kwake! Sheria ya ajira ya 2004 inahesabu kiinua mgongo kwa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka 10, na ni utumishi wa mfululizo kwa mwajiri huyo huyo. Sasa ukisaini kwamba umeanza leo, ile miaka ya nyuma anailipa nani? Tukimuuliza madam anasema waulizeni wapya, wapya wanasema hayo ni ya madam, tunapigwa kalenda tu, na nasikia mgogoro wa kuachishwa kazi ukizidi siku 30 hujaufikisha CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) unaanza tena kuomba uongezewe muda.

Mwenye uzoefu wa CMA Arusha aje PM, au aseme hapa hapa: tukigoma kusaini hadi madam alipe ya kwake kwanza, tunahesabika tumeacha kazi wenyewe? Karatasi zinatakiwa Ijumaa. Na wewe wa Tom Ford, usikomenti.