Gari lisilowaka na gari lisilosimama: tujitengenezee hadi wapi?

Mwenye Carina, Nguba
Ndugu zangu wa Bukavu, jirani yangu anataka mji uamuru magari makuukuu yatengenezwe garaji tu, mwenyewe asishike hata spana. Tumebishana hadi chai ikapoa. Nauleta ubishi kwenu.

Carina ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2001, kwa hiyo hakuna Carina kijana mjini humu. Yangu usukani uko kulia, na sisi tunaendesha kulia: nikitaka kupita lori, abiria ndiye anayenichungulilia. Plagi, oili, chujio, mkanda wa alterneta, vyote nabadilisha mwenyewe nje ya nyumba.

Mwaka jana ilianza kuchemka. Garaji ya kwanza walitaka kufungua kichwa cha injini. Nyumbani nikang'oa termostati, ile valvu inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, nikaitupa, kama wengi tunavyofanya, na bado ikachemka. Kumbe ni kifuniko cha rejeta, mpira wake umekauka, haubani tena. Huku juu, kwenye mita 1,500 hivi, maji yanachemka nyuzi 95, hayafiki 100. Kifuniko kizima kinabana mvuke, maji yanavumilia hadi kupita 110. Kikilegea, panda Kadutu na watu watano uone. Nilikibadilisha kwa bei ya sahani ya wali na maharage (termostati nayo ikabidi ninunue nyingine, kwa ujinga wangu).

Kwa hiyo anayeniambia nisiguse gari langu simsikii. Ila kwenye breki, jirani ana neno. Gari lisipowaka ni shida yangu. Lisiposimama ni shida ya mama aliyetandaza ndizi chini ya mteremko, naye hakuniomba lifti. Mimi nasema breki na usukani jitengenezee ukitaka, lakini fundi aangalie kabla hujapakia mtu. Mnasemaje?

Dereva wa Kadutu
Papa, unaongea kama mtu wa mshahara. Mimi jioni nampelekea mwenye gari hesabu yake, mvua inyeshe isinyeshe. Likilala siku moja garaji, watoto wanalala vilevile. Huyo fundi wa kuangalia nani atamlipa? Na karatasi ya ukaguzi ninayo kwenye kioo, gari lenyewe halikuguswa hata tairi.

Fundi wa Bagira
Mnatusifu bure. Uchafu mwingi ninaoukuta kwenye breki umefanywa na sisi mafundi.

Juzi nimefungua gurudumu la mbele kushoto. Bomba la breki limekunjwa, likapondwa kwa nyundo hadi likawa bapa kama ulimi, ili mafuta yasivuje. Kazi ya fundi, na alilipwa. Dereva analalamika tu kwamba akikanyaga, gari linavuta kulia. Lisivute vipi, na kushoto hakuna kinachoshika?

Mwingine alijazia oili ya injini kwenye kikopo cha breki. Mipira ya ndani ikavimba kama andazi, breki zikashika zisiachie, gurudumu likatoa moshi. Huyo alikuwa mwenye gari, sawa, alidhani mafuta ni mafuta.

Halafu kuna kosa lisilo la spana. Mafuta ya breki yananyonya maji, hata unyevu wa hewani. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 140. Sasa shuka mteremko wa Ngomo kuelekea Uvira, mguu kwenye breki toka juu hadi chini, hujashusha gia. Yanachemka, pedali inazama hadi sakafuni. Ukisimama yapoe, inarudi, na unaapa ni uchawi.

Mama wa Panzi
Mnagombania spana, mimi sina gari. Naingia nyuma, tumebanana wanne, mlango umefungwa kwa kamba. Wiki iliyopita dereva alitusimamisha kwenye mteremko, akasema mtu asishuke kwanza. Akatoa jiwe chini ya kiti, akaliweka nyuma ya gurudumu, ndipo akatufungulia. Jiwe lenyewe limelainika kwa kushikwa. Lina miaka kazini hilo. Hakuna aliyeniambia wakati nalipa kwamba breki ya mkono ni jiwe. Mtengeneze nyumbani au garaji, mimi nataka niambiwe kabla sijaingia.

Mwenye Carina, Nguba
Mama, umenipata. Na mimi jiwe ninalo, kwenye buti.

Fundi, kwa nyundo hiyo narudisha neno langu nyuma kidogo. Nilisema fundi aangalie, sasa nasema mtu wa pili, yeyote anayejua anachotazama, achungulie kila gurudumu huku mwingine anakanyaga pedali. Kwangu anayekanyaga ni mke wangu, na ananihesabia kwa sauti. Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili hata hivyo, peke yako unajidanganya.

Dereva wa Kadutu, mdogo wangu, njoo Jumapili. Kopo la DOT 4 ninalo, halijafunguliwa, na linakubaliana na DOT 3. Sitaki hela. Ila njoo bila abiria.

Dereva wa Kadutu
Jumapili asubuhi nina watu wa misa. Saa nane?

Mama wa Panzi
Na hao wa misa utawaambia?