Tupeane uzoefu: vifaa vya kuvuta waya mpya za gari mwenyewe, vya kununua na vya kukimbia

Boneti Wazi
Wakuu, mada ya taa hafifu imefungwa huku swali moja likibaki hewani: mtu akiamua kuvuta waya mpya za taa, feni au inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) kwa mikono yake, anunue nini hasa? Dukani rola zote za waya zinang'aa. Anayejua kinachoharibika na sababu yake aandike hapa.

Naanza na taa za mbele za H4 (balbu moja yenye filamenti mbili). Balbu mbili za 55W zinakula ampea 8 hadi 9. Kwenye magari mengi ya zamani umeme wote huo unapita swichi ya usukani kwa waya mwembamba. Waya wa 0.85 mm² ukiwa na njia ya mita 5 na ampea 9, volti 0.9 hivi zinapotea njiani, na hapo hujahesabu swichi wala ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi). Balbu ya filamenti ikipungukiwa volti moja kwenye 13 inapoteza karibu robo ya mwanga wake. Kwa hiyo kabla ya kununua balbu kali, nunua hivi: rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo kupitisha mkubwa) mbili za 30A au 40A pamoja na vikalio vyake, fyuzi mbili za 15A na vishikio vyenye kifuniko cha kuzuia maji, waya wa 3 mm² kutoka betri hadi rilei, 2 mm² kutoka rilei hadi kila taa na kwa ethi ya kila taa, na 0.75 au 1 mm² wa kuamsha rilei tu. Waya wa zamani wa taa usiutupe, ndio utakaoamsha rilei. Kwa urefu, pitisha kamba njia yote, ipime, kisha ongeza sentimita 30 kila ncha.

Shaba Tupu
Kabla hujazungumzia unene, hakikisha ni shaba. Waya wa alumini uliopakwa shaba umejaa sokoni, hasa seti za waya za amplifaya ya muziki zilizofungwa kwenye pakiti yenye picha nzuri. Unapitisha umeme kama asilimia 60 hadi 65 ya shaba halisi, ukibanwa unalegea taratibu, na unyevu ukiingia kwenye ncha unageuka unga mweupe.

Kwangua unyuzi mmoja kwa kisu. Nje nyekundu na ndani nyeupe, huo ni alumini, rudisha. Nje nyeupe na ndani nyekundu, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, na ni bora kuliko shaba tupu kwa gari linalolowa au la pwani. Watu wengi wanaikataa shaba ya bati wakidhani wameuziwa alumini.

Mama Alteneta
Kweli kabisa. Kama huna kisu, shika unyuzi juu ya mwali wa kiberiti cha gesi. Shaba inawaka nyekundu na kubaki imesimama, alumini inalegea na kudondoka.

Kipimo
Na maandishi ya kwenye ganda yasikutoshe. Hesabu nyuzi, pima kipenyo cha unyuzi mmoja kwa maikromita, kisha: idadi × 0.785 × kipenyo × kipenyo. Nyuzi 28 za 0.30 mm ni 2 mm². Nyuzi 84 za 0.30 mm ni 6 mm². Ukiuziwa "6 mm²" ukakuta nyuzi 50 za 0.25 mm, umeshika 2.5 mm² iliyovalishwa ganda nene.

Asiye na maikromita atumie mizani ndogo. Sentimita 10 za shaba ya 10 mm², ganda likiwa limetolewa, zina uzito wa gramu 9. Ukisoma gramu 3 na kitu, ama ni alumini ama umepunjwa unene. Vyovyote vile usiifunge.

Wanaonunua kwa namba za Kimarekani (AWG): namba ikishuka, waya unanenepa. 14 ni 2.1 mm², 12 ni 3.3, 10 ni 5.3, 8 ni 8.4, 4 ni 21.

Mzee Soketi
Mnazungumza dukani tu. Soketi nzuri za kuunganishia waya zipo kwenye magari yanayochinjwa (yanayofunguliwa kuuzwa spea). Soketi ya Yazaki au Sumitomo (kampuni za Kijapani) iliyotoka kiwandani na gari inashinda nakala mpya, kwa sababu pini zake bado zina mkazo na mpira wa kuzuia maji unakaa sawasawa. Ukikata, acha mkia wa waya wa sentimita 15 hadi 20 kila upande, na chukua pande zote mbili, jike na dume. Watu huchukua upande mmoja kisha wanahangaika mwezi mzima kutafuta wa pili.

Jua upana wa pini: 2.3 mm, 2.8, 4.8, 6.3. Ya 2.3 usiipe kazi ya feni. Angalia rangi ya kijani ndani ya soketi, ukiiona iache hapo hapo. Na menya sentimita moja ya waya: ukikuta shaba imekuwa nyeusi, maji yameshatembea ndani ya ganda.

Fyuzi15
Soketi sawa, mzee wangu, lakini waya wa gari la kuchinjwa hapana. Ganda lililokaa karibu na injini miaka mingi linapasuka ukilikunja.

Mzee Soketi
Nani kasema uchukue wa karibu na injini? Waya unaotoka chini ya zulia kwenda taa za nyuma haujaona joto wala jua. Ukunje mara mbili kwenye kidole, usipopasuka ni mzima.

Fyuzi15
Na urefu wake? Utauunga mara tatu kufika unakotaka. Kila kiungo ni mahali pa kuharibikia.

Mzee Soketi
Nimesema soketi na mikia yake. Soma tena.

Waya Mwekundu
Hapo mlipotaja seti za amplifaya nimekumbuka pikapu moja iliyoletwa gereji ikiwa dashibodi imeyeyuka nusu. Naandika kisa chote kwa sababu kila kosa lililomo linauzwa ndani ya pakiti moja.

Mwenye gari alifunga inveta ya 1000W nyuma ya kiti. Inveta ya namna hiyo ikifanya kazi kamili inavuta ampea 90 hadi 100. Waya uliandikwa 25 mm². Baada ya moto ulikatwa: alumini, na msingi wake haufiki hata 12 mm². Fyuzi ya 100A ilikuwepo, nzima kabisa, haijakatika. Ilifungwa upande wa inveta, mita tatu kutoka betri, kwa sababu kishikio kwenye seti kilikuja kimeshaunganishwa upande huo.

Waya ulipita ukuta wa injini kwenye tundu lililotobolewa kwa drili, bila mpira wa kulinda tundu. Bati lina ukingo kama wembe. Gari likitikisika, ganda linaliwa kidogo kidogo. Siku ganda lilipoisha, chanya ya betri ikagusa bodi. Kati ya betri na hapo hapakuwa na kitu cha kukata umeme, na betri ya gari ina uwezo wa kutoa mamia ya ampea kwa dakika kadhaa. Waya wote ukawa kama koili ya jiko. Ganda likashika moto, zulia likafuata, kisha waya za jirani zikayeyukiana na honi ikaanza kulia yenyewe.

Dereva alizima ufunguo. Haukusaidia, waya huo haupiti kwenye ufunguo. Akafungua boneti kutoa betri, nati ya kichwa cha betri imekaza na spana namba 10 hana. Kilichookoa gari ni mtu aliyekuja na plaisi ya kukatia nyaya nene akakata kebo ya hasi. Ya hasi, siyo ya chanya: plaisi ikigusa bodi wakati unakata hasi hakuna cheche, ukikata chanya umeongeza balaa.

Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 20 kutoka betri. Fyuzi inalinda waya. Kifaa kina fyuzi yake ndani.

Mama Alteneta
Mungu wangu. Abiria walitoka salama?

Waya Mwekundu
Walitoka wote. Gari lilibadilishwa waya zote za mbele.

Shaba Tupu
Mnaona? Alumini hiyo.

Kipimo
Mkuu, alumini haikuanzisha moto huo. Hata shaba ya 25 mm² ingeungua hivyo hivyo ikigusa bodi bila fyuzi mbele yake. Kosa ni mahali pa fyuzi na tundu.

Shaba Tupu
Waya mwembamba ulipashwa joto kila siku na inveta, ganda likalainika. Ganda laini linakatika upesi. Vyote vimechangia.

Boneti Wazi
Wote mmesema kweli, sasa turudi kwenye vifaa. Bado rilei, viungo na tepu. Na kila mwenye gari aweke spana 10 karibu na kiti.

Fyuzi15
Rilei: fungua kifuniko kabla ya kulipia. Ndani uone msuko mnene wa shaba kutoka mguu 30 kwenda kwenye mkono unaotembea. Ukikuta uzi kama wa kushonea huku nje imeandikwa 40A, hiyo haifiki hata 20. Ikiandikwa 40/30, maana yake 40A kwenye mguu 87 (unaopata umeme rilei ikiamshwa) na 30A kwenye 87a (unaopata ikiwa imelala).

Rilei yenye dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani ina upande: mguu 86 chanya, 85 hasi. Ukigeuza, dayodi inapitisha umeme moja kwa moja na fyuzi ya swichi inakatika kila ukiwasha. Watu wanabadilisha rilei nne wakidhani ni mbovu. Kama hutaki kuwaza hilo, tafuta yenye rizista badala ya dayodi.

Fyuzi za pakiti kubwa za rangi rangi zijaribu. Fyuzi halisi ikipewa mara mbili ya ampea zake inakatika ndani ya sekunde 5. Chukua moja ya 10A, ifuatanishe na fyuzi ya 30A unayoiamini na balbu nne za 55W zilizofungwa sambamba, fanyia nje mbali na petroli. Plastiki ikianza kuyeyuka huku chuma ndani bado kimeunganika, tupa pakiti nzima.

Lehemu
Viungo vyote pigeni solda na mpira wa kusinyaa kwa joto. Kubana kwa plaisi kunalegea.

Kipimo
Hapana. Solda inapanda ndani ya nyuzi na kuzigeuza kijiti kigumu. Pale ugumu unapoishia ndipo waya unapokatikia kwa mtikisiko. Na kwenye mkondo mkubwa kiungo kikipata moto, solda ya kawaida inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183 tu.

Lehemu
Inakatika kama umeiacha inaning'inia. Ukiishikiza waya sentimita tano kila upande haikatiki.

Mzee Soketi
Solda ndani ya kabini, ambako ni pakavu na waya umefungwa vizuri, inakubalika. Kwenye injini bana. Usitumie dawa ya asidi ya mafundi bati, inaendelea kula shaba baada ya wewe kuondoka.

Mama Alteneta
Kubana kunalegea kwa sababu ya plaisi ya bapa. Nunua ile inayojifunga yenyewe na kuachia tu ikishafika mwisho. Vichwa vya waya vyekundu ni vya 0.5 hadi 1.5 mm², bluu 1.5 hadi 2.5, njano 4 hadi 6. Baada ya kubana vuta kwa nguvu zako zote. Kikitoka mkononi kingetoka barabarani. Mpira wa kusinyaa uwe wenye gundi ndani, unaosinyaa tatu kwa moja.

Shaba Tupu
Tepu ya plastiki ya umeme wa nyumba usiiweke kwenye injini, gundi inageuka uji na tepu inafunguka. Tumia tepu ya kitambaa ya magari: Tesa 51036 kwa injini, 51608 kwa ndani ya kabini. Bomba la mikunjo liwe la nailoni.

Rafiki wa Gari
Naomba kuuliza, gari langu ni la miaka ya karibuni, taa zinaongozwa na kompyuta. Nifunge rilei hivyo hivyo?

Fyuzi15
Usifunge kwanza. Magari mengi ya hivyo yanatuma umeme wa taa kwa mapigo ya haraka, rilei itatetemeka na kuungua. Pia kompyuta ikikosa mzigo wa balbu inaweza kuwasha taa ya hitilafu. Pima upotevu kwanza: taa zikiwaka, weka mita ya volti kati ya chanya ya betri na chanya ya balbu, kisha hasi ya betri na ethi ya balbu. Upande wa chanya ukiwa chini ya 0.5V na ethi chini ya 0.2V, waya zako ni nzima, hakuna cha kununua.

Rafiki wa Gari
Nimepima. Chanya 0.3, ethi 0.7.

Fyuzi15
Basi ni ethi tu. Fungua boliti ya ethi karibu na taa, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka kichwa kipya cha waya cha shaba na washa (ringi ya chini ya boliti) yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu. Pima tena ulete namba.