Mrejesho: Git imenikubali, na lile la nywila limeisha

Wakuu, ni mimi yule wa Tabata niliyeuliza kwa nini Git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo) inagoma kuhifadhi mabadiliko, na GitHub (tovuti ya kuweka miradi ya Git mtandaoni) inakataa nywila ambayo nina hakika ni sahihi. Yamekwisha.

La kwanza dogo: sikuwa nimejitambulisha. Niliandika git config --global user.name na jina langu, kisha user.email na baruapepe, ikatulia.

La pili ndilo lililonilia wikiendi nzima. Kumbe tangu Agosti 13, 2021 GitHub haipokei nywila ya akaunti unapopandisha kazi kutoka teminali (dirisha la kuandika amri)! Nimebadili nywila mara tatu bure, bando limekwisha. Nikafuata ushauri wa ufunguo wa SSH (jozi ya faili, moja ya siri na moja ya wazi, zinazokutambulisha badala ya nywila): ssh-keygen -t ed25519, halafu nikabandika ule wa wazi unaoishia na .pub kwenye mipangilio ya akaunti. Nusura nibandike wa siri. Aliyenionya mapema, soda yako ipo. Bado ikagoma, maana anwani ya mradi ilikuwa ya https. Nikaibadili iwe ya SSH kwa git remote set-url, ikapanda mara moja.

Tawi langu (mkondo wa kazi ndani ya mradi) bado linaitwa master badala ya main, naliacha hivyo hivyo. Umeme ukirudi najaribu kuunganisha matawi.